Bakuli la kombe na joto la nyumba

Kwetu Wete, Pemba, kuna bakuli moja jeupe la kauri, lina ufa mdogo ukingoni, halitiwi mchuzi wala uji, linakaa juu ya kabati limefunikwa kitambaa na sie watoto tulijua toka wadogo kuwa hilo haliguswi. Ndio bakuli la kombe. Mwalimu wa chuoni, chuo cha Qur-ani, alikuwa akija baada ya sala ya alasiri, anakaa kwenye mkeka, anaandika aya ndani ya bakuli kwa zafarani ilorowekwa kwenye marashi, mama anatia maji kidogo anazungusha mpaka maandishi yote yayeyuke, kisha kaka yangu anapiga bismillahi anakunywa mpaka tone la mwisho. Mie nilikuwa na miaka 12 na kazi yangu ilikuwa kumshikia taulo. Hakuna alokuwa akisema neno wakati ule, unasikia kuku tu uwani.

Nimeanza na bakuli kwa sababu miaka mingi baadae niko Tunguu pale chuo kikuu nasomea ualimu, somo la saikolojia, mwalimu katupa ya kusoma kuhusu skizofrenia, yale maradhi ya akili ya kusikia sauti, na utamaduni, nafungua nakuta Zanzibar. Sikutarajia kabisa. Mana ukisoma mambo ya ubongo na akili umeshazoea London, Marekani, panya wa maabara, halafu ghafla nakuta zafarani, nakuta bakuli, nakuta familia inamnywesha mgonjwa wao aya za Qur-ani. Mtafiti mwenyewe ni mama wa Kimarekani anaitwa Juli McGruder, alikuwa profesa chuo kikuu cha Puget Sound kule Tacoma, alikuja huku kwetu akafuatilia familia 3 zenye mtu anaeumwa maradhi haya na kazi hiyo ndio iliyompa shahada ya uzamivu mwaka 1999. Si mtu alokuja siku mbili na fomu akaondoka. Aliangalia nani anamwambia nini mgonjwa, kwa sauti gani, nani ananyamaza.

Nilitoka nje ya darasa nikaenda kukaa chini ya mti nikalia. Wenzangu walidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Sasa nieleze. Kaka yangu, nitamwita Kaka tu, yeye ndie alonambia niandike na yeye ndie alosema jina lisiwekwe. Maradhi yalimuanza ana miaka 20. Alikuwa kamaliza skuli yuko Chake anamsaidia ami dukani, kijana mtaratibu, hasahau sala, hesabu za duka zote kichwani. Ilianza kidogo kidogo kiasi ambacho hakuna mtu aloshika. Akawa anafunga madirisha mchana. Akaifunika redio ya ami kwa kanga, anasema msoma habari anamtaja. Akaacha kuoga. Halafu usiku mmoja akatoka Chake kwa miguu mpaka Wete, njia yote ile, akafika alfajiri miguu imechubuka anamwambia mama kuna watu wamekaa barza moja hawaondoki, wanamsema usiku kucha, na hiyo barza imo ndani ya sikio lake.

Watu wakasema bangi. Kaka hajawahi kuvuta hata sigara. Wengine wakasema jini, wengine kijicho cha fulani kwa sababu ya shamba la mikarafuu la babu, wengine wakasema kasoma sana akili imeruka. Na kila mwenye lake ana mganga wake. Miaka 4 tulizunguka. Kuna mmoja, kijiji sikitaji na yeye simtaji, alimfunga Kaka kamba siku 3 anasema anamshinda shetani. Mama alipopata habari alivaa buibui lake akapanda gari ya abiria peke yake, akafika, akaipita ile kadamnasi yote akaenda akapiga magoti akamfungua kwa mikono yake, fundo moja moja. Mie nilihadithiwa na dada aliyemfuata nyuma. Anasema mama hakutukana, hakulia, hakumuuliza Kaka kitu. Alimwambia tu, twende nyumbani kuna muhogo.

Hilo neno nimelifikiria sana. Twende nyumbani kuna muhogo. Mana baadae nilipokuja kusoma utafiti wa watu wa London nikaona wamehangaika miaka na miaka kutafuta namna ya kupima kitu kile kile.

Hadithi ya utafiti huo ni hivi. Mwaka 1952 kule Paris madaktari wawili, Delay na Deniker, waligundua kuwa dawa inaitwa klopromazini inawatuliza wagonjwa waliokuwa wamefungiwa mahospitalini miaka. Kwa mara ya mwanzo watu wengi wakaanza kuruhusiwa kurudi kwao. Sasa Uingereza kuna mtu anaitwa George Brown, si daktari, mtu wa sayansi ya jamii, akawa anafuatilia wale walioruhusiwa, nani anakaa vizuri na nani anarudi hospitali. Akakuta kitu hakukitegemea: waliokwenda kuishi na wazazi au wake zao ndio waliokuwa wakirudi zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba kwa watu baki. Yaani kwa watu wako, wanaokupenda! Ndipo wakaanza kuuliza, ndani ya nyumba hizo kuna nini?

Wakatengeneza mahojiano marefu, wanamkalisha ndugu wa mgonjwa wanamrikodi, na wanachopima si maneno tu bali sauti anavyoyasema. Wanahesabu lawama, wanaangalia kama kuna chuki, na wanaangalia kitu cha tatu ambacho mie ndio kilichonichoma, ile hali ya kumng'ang'ania mgonjwa, kulia juu yake, kumfanyia kila kitu, kutompa hata nafasi ya kupumua. Vyote hivi wamevipa jina moja la kitaalamu, mie kwa Kiswahili changu nasema joto la nyumba. Mwaka 1972 Brown na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 101: katika miezi 9 baada ya kutoka hospitali, waliorudi kwenye nyumba zenye joto kubwa asilimia 58 maradhi yaliwarudia, na waliorudi kwenye nyumba zilizopoa ni asilimia 16 tu. Hatari zaidi ni wale waliokuwa wakikaa uso kwa uso na ndugu huyo zaidi ya saa 35 kwa wiki. Utafiti huo umerejewa nchi nyingi sana na jambo lenyewe limesimama.

Nlipofika hapo nikamkumbuka shangazi.

Shangazi yetu anakaa Dar, Magomeni. Kaka alipopata nafuu (nitarudi kwenye nafuu ilipatikanaje) shangazi akasema mtoto huyu mnampotezea muda huko kisiwani, mleteni huku kuna mahospitali makubwa na kuna kazi. Alikuwa na nia safi wallahi, hapana mtu aliyempenda Kaka kama yeye. Akamtayarishia chumba, akamwekea feni, akabandika karatasi ukutani saa ngapi ale saa ngapi anywe dawa. Asubuhi umeoga? Umekunywa? Mbona umenyamaza? Unawasikia tena? Nitazame nikuone macho. Akitoka kwenda msikitini anatumiwa mtoto amfuate. Usiku shangazi analia chumbani Kaka anasikia. Na mume wake shangazi nae, si mtu mbaya, ila alikuwa akipita sebuleni anasema mtu mzima na ndevu zake analala mpaka saa nne. Miezi 5 tu. Sindano alikuwa anapata, hajakosa hata mwezi mmoja, lakini ile barza ikarudi sikioni na watu wakaongezeka. Tukampokea bandarini Mkoani hatujui hata kama ametutambua.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Joto la nyumba halimtii mtu skizofrenia. Hilo watafiti wenyewe wanalisema na lazima lirudiwe, kwa sababu kuna wakati, mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu wa Marekani waliandika kabisa kuwa maradhi haya yanasababishwa na mama, eti mama baridi asiye na mapenzi ndie anaemharibu mtoto. Wamama wangapi walikufa wanaamini wameharibu watoto wao? Hiyo nadharia imeshatupwa na iliumiza watu bure. Maradhi yenyewe yana mizizi yake, mingi ni ya kuzaliwa nayo, na Shirika la Afya Duniani linasema yanawapata karibu watu milioni 24 duniani, kama mmoja katika kila watu 300. Nyumba inachoweza ni kufanya yarudi haraka au yachelewe. Lakini hicho si kidogo. Muulize alierudi mara sita.

Sasa nafuu. Nafuu ililetwa na nesi. Alikuwa akija mtaani kwa chanjo za watoto, akamuona Kaka kakaa nyuma ya nyumba anaongea na ukuta, akamwambia mama taratibu, Bi mkubwa huyu ana maradhi kama maradhi mengine, kuna vidonge na kuna sindano ya kila mwezi, kombe mpe usiache ila na sindano mpe. Hilo la usiache ndilo lililomfanya mama akubali, nina hakika. Angesema acheni ushirikina wenu, tungemfungia mlango.

Wiki ya mwanzo ilitutisha. Shingo ilikakamaa ikageukia upande, ulimi mzito, anatembea kama kabeba ndoo kichwani. Jirani akasema si mnaona jini amekasirika. Nilipokuja kusoma nikafahamu kumbe dawa hizi zinafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali moja ambayo ubongo unaitumia kupelekeana habari, na dopamini hiyo hiyo ndio inayosaidia kuendesha misuli, kwa hiyo ukiizuia huku kwenye mawazo unaibana na kule kwenye viungo. Mtu wa Sweden anaitwa Arvid Carlsson ndie alofungua mlango wa elimu hiyo ya dopamini na akapewa Nobel mwaka 2000. Nesi akamletea kidonge chengine cha kulegeza mkakamao na kikalegea. Natamani mtu angetwambia mapema, siku ile ile ya sindano ya mwanzo, kwamba hili linaweza kutokea na lina dawa yake. Familia ngapi zimeacha tiba wiki ya kwanza kwa kudhani jini amekasirika?

Baada ya kama miezi miwili Kaka akasema, ile redio imepunguzwa sauti. Haijazimwa. Mpaka leo haijazimwa.

Kuhusu hizo sauti kuna kitu nilimsomea mwenyewe, tumekaa ukumbini usiku umeme umekatika namsomea kwa simu. Mwaka 1993 watafiti wa London waliwapiga picha za ubongo wanaume 12 wenye skizofrenia, picha za kuangalia damu inakwenda wapi, mara moja wakiwa wanasikia sauti na mara nyengine wakiwa hawasikii. Wakati wa kusikia, sehemu inayoitwa eneo la Broca ilikuwa imechangamka. Sehemu hiyo ndio inayotunga maneno, mie hapa ninavyozungumza inafanya kazi. Maana yake ubongo unatengeneza maneno kweli, ila mwenyewe hayatambui kuwa ni yake, yanamjia kama yatoka nje. Kaka alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, nilikwambieni kuwa nnasikia kweli.

Miaka yote ile tulikuwa tukimwambia hakuna kitu, hakuna mtu, acha. Mie mwenyewe nimemwambia hivyo mara mia. Sikujua kuwa nilikuwa namwambia muongo.

Na kuna utafiti mwengine alioupenda zaidi. Tanya Luhrmann wa chuo kikuu cha Stanford na wenzake walizungumza na watu 60 wanaosikia sauti, 20 wa San Mateo kule California, 20 wa Accra Ghana, 20 wa Chennai India. Wamarekani wengi sauti zao zilikuwa ukatili mtupu, vita, kuua, na wanaziona kama uvamizi wa kichwa. Wa Accra wengi wanamsikia Mungu. Wa Chennai wengi wanawasikia jamaa zao, mtu anamsikia shangazi au dada anamwambia nenda kaoge, nenda dukani, umekula? Kaka akacheka akasema hao wa India ndio wenzangu. Mana ile barza ya watu wabaya ipo lakini siku hizi, ukimuuliza siku ametulia, atakwambia mara nyingi anamsikia bibi yetu marehemu. Bibi anamwambia achote maji. Na anakwenda anachota.

Sasa turudi kwa McGruder na kilichomshangaza Zanzibar. Aliona familia zinaamini mambo ya mashetani na majini, na yeye kama msomi wa Kimagharibi ungetegemea aseme hii ni ujinga. Hakusema hivyo. Alichokiona ni kwamba kwa sababu maradhi yanahesabika kuwa kitu cha nje kilichomjia mtu, basi kikiondoka hata kwa wiki moja mtu anarudi kuwa mtu, anapewa kazi yake, anakaa mahala pake kwenye sinia, hakuna anaembandika jina la kudumu. Leo mgonjwa, kesho mzima, keshokutwa Mungu anajua. Na aliona utulivu, watu hawamkaripii mgonjwa kwa kulala, hawamlazimishi kuzungumza, mtu anaachiwa aingie na atoke. Wakati huo utafiti wa aina ya ule wa Brown ulikuwa unaonesha familia za Wazungu wa Marekani asilimia 67 ni nyumba za joto kubwa, Uingereza 48, India 23.

Nilijivuna kwanza. Sisemi uongo. Nikampigia mama nikamwambia mama unajua wewe ni mtaalamu, kuna watu wamesomea miaka hicho unachofanya. Akasema, mwanangu, nimechoka.

Nimekaa na jibu hilo. Kwa sababu ni kweli nyumba yetu imepoa, lakini nani anaipoza? Mama miaka 15 hajalala nje ya nyumba ile hata kwa harusi ya mtoto wa dada yake. Akipika anapika chakula cha Kaka mbali siku ambazo anaogopa kimetiwa sumu, anakionja mbele yake kisha anamuachia bila ya neno. Anapotukanwa usiku hajibu. Hicho kimya kinatoka wapi? Kinatoka mwilini mwake, na presha anayo sasa. Watu wa vyuo vikuu wanaposifu utulivu wa familia za Kiafrika mie nataka mtu aulize utulivu huo umebebwa na nani, na jawabu nnalijua kabla hajauliza, ni mama, dada, shangazi, mke. Kaka zangu wengine wawili wanatuma pesa, Mungu awalipe, lakini pesa haikai ukumbini saa nane za usiku.

Na kitu chengine. Toka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kufuatilia wagonjwa wa nchi 9, na likakuta wa Ibadan Nigeria na Agra India wanapata afadhali zaidi kuliko wa London au Washington, na watu wakaichukua hiyo kama wimbo, Afrika na India maradhi haya mepesi. Mwaka 2008 wakatokea watafiti, wakiwemo wa Nigeria na India wenyewe, wakasema hebu tuangalie tena, wako wanaokufa mapema, wako wasiotibiwa kabisa, wako waliofungwa minyororo, msitupakie asali. Mie niko nao. Miaka 4 ya Kaka bila dawa haikuwa mepesi, na inajulikana kuwa kadri mtu anavyokaa muda mrefu na maradhi haya bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Utulivu wa mama ungekutana na ile sindano mwaka wa mwanzo labda Kaka angekuwa na duka lake leo. Siwezi kuyatenganisha haya mawili, anaeniambia chagua kombe au sindano, chagua nyumba au hospitali, hajawahi kukaa na mgonjwa.

Ndio mana utafiti ulonitia moyo kuliko yote ni wa Ghana na Nigeria, uliotoka 2020, kiongozi wake Oye Gureje wa chuo kikuu cha Ibadan. Walichukua wagonjwa 307 waliokuwa wamelazwa kwa waganga na kwenye makanisa ya maombi. Nusu ya sehemu hizo waliziacha kama zilivyo, nusu nyengine wakamuunganisha mganga na nesi wa kituo cha afya cha karibu, mganga abaki na wake, nesi aje na dawa, waheshimiane, na mambo ya kumuumiza mgonjwa yapigwe vita. Baada ya miezi 6 wale wa pamoja walikuwa na afadhali kubwa zaidi. Nilipousoma nikasema huyu ni yule nesi wetu wa chanjo! Kombe mpe, sindano mpe.

Natamani Pemba tufanye hivyo kwa mpango, si kwa bahati ya kumpata nesi mwenye busara. Ukisema Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, mtu anaona kaburi, familia inaficha, inazunguka kwa waganga mpaka pesa imalize. Lakini mwalimu wa chuoni haogopwi. Mganga wa kijiji haogopwi. Hao ndio wanaomuona mgonjwa siku ya mwanzo, basi wao ndio wafundishwe dalili, wapewe namba ya simu ya nesi. Mwalimu wetu wa kombe, mzee sasa, akija nyumbani siku hizi kabla hajafungua chupa ya zafarani anamuuliza Kaka, sindano ya mwezi huu umeshachoma? Hakuna alomfundisha. Aliona tu kwa macho yake.

Shangazi nilimsomea huo utafiti wa 1972 kwa simu. Niliogopa lakini nikaona haki yake ajue. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, kwa hiyo mie ndie nilomrejeshea maradhi? Nikamwambia hapana shangazi, hukumrejeshea, na nikamueleza tena kuhusu lawama na kung'ang'ania na kupumua, akasema haya, na akakata.

Msimu wa karafuu ulopita akaja Wete. Hakusema kama anakuja. Tulikuwa uwani sote tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, Kaka kakaa pembeni kwenye mkeka wake wa peke yake kama anavyopenda, mikono inakwenda mbio, midomo inachezacheza. Shangazi akavua viatu akaenda akakaa karibu yake, si karibu sana, akavuta fungu lake. Nilimuangalia kwa jicho la pembeni. Hakumuuliza umekunywa dawa. Hakumuuliza unawasikia. Hakumtazama machoni. Alichambua toka baada ya adhuhuri mpaka jua limeanza kushuka, kimya, vidole vimekuwa vyeusi, na mama anapita na chai anaweka chini anaondoka.

Karibu na magharibi Kaka akanyoosha mkono akatia kwenye fungu la shangazi, akaligeuza geuza.

"Shangazi," akasema, "karafuu zako zina makonyo mengi."